Kadi Isiyo na Namba ya Sanduku

Watu wengi hudhani barua husafiri. Jamani, barua haisafiri hata hatua moja, barua hubebwa. Huchukuliwa na mtu aliyeamka vibaya, hutupwa mfukoni na mtu anayemuwaza mtoto wake mgonjwa, hukaliwa na dereva aliyekosa pa kukaa, na ikifika mjini humkuta mtu mwingine amesimama tangu saa moja asubuhi, vifundo vya miguu vimevimba, naye huitazama kwa muda wa kukohoa mara moja tu kisha huamua iende wapi. Huyo wa mwisho ndiye habari yetu leo.

Pale posta kuu walimwita Mama Jicho. Alikuwa na miaka thelathini na miwili katika chumba cha kuchambulia barua, na hakukuwa na mwandiko uliomshinda. Mwandiko wa daktari, wa mlevi, wa bibi aliyejifunza kuandika uzeeni, wote aliusoma. Barua ikiwatoa wenzake jasho, walimpelekea.

"Mama Jicho, hebu nisaidie. Hii ni tatu au ni nane?" angeuliza Kipara, mchambuzi wa meza ya pili.

"Tano," angejibu bila kuinua kichwa. Na kweli ingekuwa tano.

Siku hizi barua zenyewe zimepungua. Zinakuja ankara, matangazo, barua za mahakama ambazo hakuna anayezitaka, na mojamoja ya mtu kumwandikia mtu. Lakini kazi haikupungua, maana walipopungua wachambuzi hawakuletwa wengine. Walibaki watatu mahali palipokuwa na kumi na mmoja, na Mama Jicho alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Kila asubuhi alivua viatu chini ya meza na kila mchana vilikataa kuvalika.

Sasa, mchambuzi ana namna yake ya kusoma, na ni vizuri uijue. Hasomi jina. Anaanzia chini, kwenye mji, kisha anapanda juu kuitafuta namba ya sanduku la posta. Akiiona tu, mkono umeshakwenda kwenye kijisanduku chake ukutani. "Jina halina kijisanduku," ndivyo Mama Jicho alivyowafundisha makarani wapya, vikosi kwa vikosi. "Ukianza kusoma majina utaanza kuwaonea watu huruma, na saa sita itakukuta na mfuko wa kwanza." Barua isiyo na namba inatupwa kwenye kapu kubwa la pembeni, waliloliita kapu la vipofu. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, kapu linamwagwa mezani, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanakisia: huyu si yule fundi saa wa karibu na soko? Huyu si mke wa marehemu mwashi? Zile zinazoshindikana kabisa zinapigwa muhuri wa HAJULIKANI na kurudishwa zilikotoka. Kwenye muhuri kuna namba ya aliyeupiga. Ya Mama Jicho ilikuwa saba.

Kuna jambo lilikuwa likimla moyo, na wenzake hawakulijua. Alikuwa na kaka, mkubwa wake kwa miaka sita, mwalimu wa shule ya msingi kule kwao, mwendo wa siku nzima kwa gari. Huyo kaka ndiye aliyemshika mkono akamfundisha kuandika herufi ya kwanza. Miaka tisa iliyopita mama yao alifariki, na alifariki katika wiki ya matokeo ya mitihani, magunia ya barua yamefika dirishani. Mkubwa wa posta wa wakati ule akamwambia, "Nimalizie leo tu, kesho uende." Akamalizia leo, akamalizia na nusu ya kesho. Alipofika nyumbani udongo ulikuwa umeshasawazishwa na watu wananawa mikono.

Kaka yake alimkabili mbele ya watu wote. "Rudi kwa barua zako," alimwambia. "Na hapa usikanyage mpaka nikuite mwenyewe."

"Na mimi siji ng'o mpaka uniite," alijibu Mama Jicho, huku machozi yanamtoka. Ukaidi katika ukoo ule uligawiwa kwa wote, hakuna aliyepunjwa.

Wifi yake, mke wa kaka, alijaribu kumpigia simu kwa siri mara moja. Mumewe akaikuta simu sikioni, akaichukua, akaikata. Akatangaza kwamba katika nyumba ile hakuna atakayempigia mtu yule, kwamba yeye akiwa na neno na dada yake ataliandika, maana lililoharibiwa kwa mdomo halitengenezwi kwa mdomo. Basi Mama Jicho alijua jambo moja kwa hakika: kaka yake akimwita, atamwita kwa maandishi. Ndiyo maana kila Jumanne na kila Ijumaa, mfuko wa kutoka kwao ulipoletwa, aliufungua yeye mwenyewe. Ole wake Kipara akigusa kamba yake. Alikuwa akitafuta kitu kimoja tu, mwandiko wa kaka yake, ule wa ubaoni, wima, herufi zimejipanga kama wanafunzi mstarini. Zamani alipomwandikia hakuweka namba ya sanduku. Aliandika jina la dada yake, chini yake Chumba cha Kuchambulia, Posta Kuu, basi. Na ilikuwa ikifika, maana nani pale ndani asingeujua mwandiko ule?

Jumanne ya tarehe tano mfuko ulikuja mwepesi. Mama Jicho akaumwaga mezani, akaanza. Katikati yake kulikuwa na kadi isiyo na bahasha, upande mmoja picha ya maua iliyofifia, upande wa pili maandishi yanayopanda na kuanguka, herufi moja kubwa, nyingine imelala chali.

"Lo! Hapa kuku kapita," alimwambia Kipara.

Kipara akacheka. Mama Jicho akaanzia chini: mji, sawa. Akapanda: posta kuu. Akatafuta namba, namba hakuna. Mkono ukaenda wenyewe, kadi ikaangukia kapu la vipofu. Kisha akarudi kwenye rundo akaendelea kuutafuta mwandiko wa kaka yake mpaka barua ya mwisho, na haukuwemo. "Bado," alijisemea, akakunja mfuko. Angekuwepo mtu wa kumpigia kelele angempigia, lakini asiyekuwepo na lake halipo.

Ijumaa ya tarehe kumi na tano ilikuwa siku ya kapu. Siku hiyo postamasta aliingia asubuhi na mapema akiwa na karatasi mkononi na kijasho juu ya mdomo. Jumatatu wanakuja wakaguzi. Anataka sakafu ioshwe, vijisanduku vifutwe vumbi, na kapu lile alikute tupu.

"Tupu namna gani, bosi?" aliuliza Kipara. "Tusome au tusisome?"

"Mimi nimesema tupu. Mengine mnajua wenyewe."

Saa nane walikuwa wameosha, wamefuta, wamebeba meza mbili kuzihamishia uani. Kapu lilipomwagwa zilikuwa barua arobaini na moja. Mwenzao wa tatu alikuwa ameegemea ukuta amefumba macho. Kipara akachukua ya kwanza, akasafisha koo asome kama ilivyo desturi, na hapo Mama Jicho, huyo huyo aliyekuwa akijisifu kwamba kwa miaka thelathini na miwili hajaachia barua iende bila kusomwa, akasema:

"Wee acha. Leo tupige tu. Miguu imekataa."

Akauvuta muhuri. Hakuketi hata, maana aliona akiketi hatanyanyuka. Aligonga arobaini na moja mfululizo akiangalia saa ya ukutani. Jumatatu mfuko wa kwenda kwao ukafungwa, ukapakiwa kwenye gari la posta, ukaondoka. Wakaguzi wakaja, wakakuta kapu tupu, wakasifu.

Jumatano simu ya chumbani ikalia. Kipara akaipokea, akamnyooshea Mama Jicho mkono. "Tawi la kwenu. Anamtaka namba saba."

"Shikamoo, mama," ilisema sauti ya karani wa tawi, mmoja wa wale aliowafundisha. "Wewe ndiye namba saba?"

"Marahaba. Ndiye. Kuna nini, mfuko umepungua?"

"Mfuko haukupungua. Nina neno, sijui ni la kazi au si la kazi." Akasita. "Juzi nimepokea kadi imerudi. Umeipiga hajulikani. Sasa mama, mimi najiuliza, hiyo kadi ni yako. Aliyeiandika ni Mwalimu. Imeandikwa kwa dada yake, Chumba cha Kuchambulia."

Mama Jicho akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikaa. "Kaka yangu anaandika vizuri," alisema. "Mwandiko wake naujua. Haujapita hapa."

"Mama, kwani hukuambiwa? Mwalimu alipata kiharusi mwaka jana. Mkono wa kulia haufanyi kazi. Hiyo kaandika na wa kushoto."

Chumba kilikuwa na kelele zake za kila siku, mihuri, feni, watu wa dirishani. Mama Jicho hakusikia hata moja. Aliiona ile kadi, herufi imelala chali, na alijisikia akisema kuku kapita. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini huyu alikuwa amejikata koo.

"Iko wapi?" aliuliza. "Usiitoe hapo. Nirudishie. Hapana, nisomee."

"Nimeshampelekea, mama. Jana, kwa baiskeli. Sheria si inasema ikirudi apewe mwandishi? Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Akasemaje?"

"Aliigeuza, akauangalia muhuri kwa muda mrefu. Mke wake akamuuliza kuna nini. Akasema neno moja tu." Karani akashusha pumzi. "Akasema, 'Amejibu.'"

Namba saba ilikuwa fahari yake. Siku alipokabidhiwa muhuri, miaka mingi nyuma, alimwandikia kaka yake barua nzima kumweleza, akaugonga chini ya sahihi yake ili aone. Kaka alikuwa anaijua saba ile kama anavyoijua sura yake.

"Imeandikwa nini?" aliuliza tena.

"Macho hayana pazia, mama, na kadi haina bahasha, siwezi kukudanganya kwamba sikuona kitu. Lakini mengine si ya kusemwa na mimi. Njoo."

Alikwenda moja kwa moja kwa postamasta. Siku hiyo hakuomba ruhusa, alitoa taarifa. Postamasta akaanza kusema habari za upungufu wa watu, na kwamba asubiri angalau mpaka mwisho wa wiki.

"Nilishawahi kusubiri," Mama Jicho alimjibu. "Nilisubiri nusu siku. Imenigharimu miaka tisa." Akatoka bila kufunga mlango.

Basi la kwenda kule lilikuwa limeshaondoka. Alfajiri ya Alhamisi gari la posta ndilo lililotangulia, na dereva, ambaye kisheria hatakiwi kubeba mtu, alimwangalia usoni akahamisha mifuko kutoka kiti cha mbele. Nafasi haikutosha, kwa hiyo mmoja ukabaki magotini pake. Walisimama kila tawi. Mahali pengine mfuko ulitupwa barazani na hakuna aliyetoka kuuchukua. Mahali pengine karani alikuwa anakula, akaonyesha kwa kidole pa kuuweka. Dereva alipiga miayo tangu kilomita ya kwanza. Mama Jicho aliyaangalia yote na hakuwa na la kumlaumu mtu. Watu walikuwa wamechoka, kama yeye. Na kuchoka ndiko kulikomfikisha hapo: si chuki, si hila, miguu tu ilimuuma akataka kumaliza mapema.

Njiani alipanga maneno. Kaka, sikujua. Kaka, ni mwandiko. Kila alipoyapanga yaliharibika, maana angemwambiaje mtu aliyepooza mkono kwamba kosa ni la mwandiko wake? Alijipa moyo kwa jambo moja tu: ameniita, nami nimekuja. Nimechelewa wiki mbili, lakini safari hii nimekuja. Akifikiri hivyo, pumzi ilimrudi kidogo.

Walifika saa kumi alasiri. Wifi alikuwa uani anaanua nguo. Alipomwona alizidondosha zote kwenye beseni, akamkumbatia, kisha akamsukuma kidogo ili amwone vizuri, na uso wake ukabadilika.

"Wifi, wewe una roho gani?" alisema kwa sauti ya chini. "Hata kama mligombana. Mtu mgonjwa vile!"

"Sikuiona, wifi. Niliigonga bila kuisoma. Hata sikujua anaumwa. Aliniita, mimi—"

"Kukuita?" Wifi akamkazia macho. "Nani kakuita?"

Akaingia ndani, akatoka na ile kadi. Mama Jicho akaipokea kwa mikono miwili. Muhuri wake ulikuwa umekaa katikati kabisa, wino umekolea. Akaanza kusoma, na safari hii alianzia juu.

*Dada. Nakuja Alhamisi tarehe kumi na nne, kwa basi la asubuhi. Ijumaa nina daktari wa mishipa hospitali kuu. Mguu hauvuti vizuri, nipokee stendi. Nisamehe kwa maneno ya siku ile. Kaka yako.*

"Kaiandika siku nne," alisema wifi. "Alichana tatu, akasema hazisomeki. Nikamwambia nimsindikize, akakataa. Akasema, unisindikize ya nini, dada yangu yupo."

Stendi ya mabasi ilikuwa nyuma ya posta, mtaa wa pili. Alhamisi tarehe kumi na nne Mama Jicho alikuwa mezani kwake mpaka saa tisa. Alitokea mlango wa mbele, kwa kuwa ule wa nyuma una ngazi, akaenda nyumbani kuloweka miguu.

Kaka yake alikuwa amekaa kwenye benchi refu upande wa pili wa nyumba, kivulini, mguu mbovu ameulaza juu ya benchi, mkono wa kulia umelala mapajani. Alikuwa amekonda. Nywele zote zilikuwa nyeupe. Mama Jicho akasimama mbele yake na yale maneno yote ya garini yakampotea.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alijibu, na neno lilitoka upande mmoja wa mdomo. Akaitazama kadi mkononi mwake. "Umeisoma?"

"Sasa hivi. Kaka, nakuapia, sijaisoma kabla ya sasa hivi. Ilikuwa kapuni, nyuma ya mgongo wangu, siku zote hizo. Niliigonga muhuri nimesimama, sikuangalia. Nilikuwa nimechoka."

Mzee alitafakari. Alikuwa mwalimu kwa miaka arobaini na alijua kumtambua mtoto anayedanganya. Akamtazama dada yake usoni, akashuka mpaka miguuni, akaona viatu vilivyokanyagwa visigino kwa sababu haviingii.

"Nilifika saa nane," alisema polepole, akilitafuta kila neno. "Nikakaa pale wanapouza tiketi, ili unione. Saa tisa ikapita. Nikasema, labda wamemwongezea kazi. Saa kumi na moja nikasema, zamu yake ni ndefu leo. Mtu mmoja akataka kunisaidia nije huko posta kwenu. Nikamwambia hapana, dada yangu anakuja, tusije tukapishana." Akapumzika. "Nikalala pale pale. Asubuhi nikasema, bado hawajamwachia."

Mama Jicho alilia kwa sauti, pale pale aliposimama, kama alivyokuwa hajalia tangu siku ile ya mama. Hakujifunika uso. Alilia mpaka wifi akaja na maji, akasita kwenye kona ya nyumba, akarudi nayo ndani.

Kaka yake hakumnyamazisha. Alisubiri. Kisha akaushika mguu mbovu kwa mkono wake mzima, akauinua kwa shida, akaushusha chini, ili dada yake apate pa kukaa.